Madai ya bima ya afya kwa lugha moja: kwa nini fomu pekee haitoshi

Swali: Ninasimamia ofisi ya madai katika hospitali ya misheni mkoani Iringa. Tunahudumia wanachama wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, pamoja na wa kampuni nyingine nne za bima, na kila mlipaji ana mfumo wake, orodha yake ya misimbo na namna yake ya kukata madai. Karani huandika habari za mgonjwa kwenye mfumo wa hospitali, kisha huziandika upya kwenye mfumo wa bima, na mara nyingine fedha huingia benki bila sisi kujua zinalipia madai yapi. Nimesikia kwamba Marekani ilitunga sheria iliyowalazimisha watoa huduma na walipaji kutumia lugha moja ya kielektroniki. Je, ni kweli? Ilifanikiwa? Na je, sisi tungetosheka na fomu moja ya kielektroniki?

Jibu:

Ndugu msimamizi, sheria unayoiulizia ipo, na kwa sehemu kubwa ilifanikiwa. Ni HIPAA, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 21 Agosti 1996. Watu wengi, hata Wamarekani wenyewe, huijua kwa habari ya siri za mgonjwa tu, ilhali ndani yake mna sehemu nzima inayohusu kurahisisha kazi za ofisi kati ya anayetibu na anayelipa, na kanuni za siri zilifuatana na sehemu hiyo kwa sababu habari zinazosafiri kwa wepesi huweza kuvuja kwa wepesi uleule. Ama swali lako la mwisho, kama fomu moja ya kielektroniki ingewatosha, jibu langu ni hapana. Nimefanya kazi ya kuunganisha mifumo ya hospitali na ya walipaji kwa miaka mingi, na mahali nilipoona kiwango kimekwama, mara nyingi kilikwama katika jibu linalorudi hospitalini kutoka kwa mlipaji. Hilo ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Kabla ya sheria hiyo Wamarekani walikuwa na tatizo lenu hilihili, ila kwa ukubwa wa kutisha: serikali yao ilikadiria kwamba miundo 400 hivi ya madai ya kielektroniki ilikuwa ikitumika nchini humo. Mwaka 1991 Louis Sullivan, aliyekuwa Waziri wa Afya, aliwakutanisha wakuu wa bima na wa watoa huduma ili watafute njia ya pamoja, na kundi lililotokana na juhudi hiyo, WEDI, lipo hadi leo. Lilitoa mapendekezo mazuri, lakini hiari ina mipaka yake. Kampuni iliyokwisha kutumia fedha nyingi kujenga mfumo wake haioni sababu ya kuwa ya kwanza kuubomoa, na hospitali haiwezi kuusubiri muundo wa pamoja huku mishahara inadaiwa. Ilibidi jambo liingie katika sheria.

Kanuni za utekelezaji zilitangazwa tarehe 17 Agosti 2000. Hazikubuni lugha mpya, bali zilichukua lugha ya X12, ambayo kamati yake iliundwa mwaka 1979 kwa ajili ya biashara za kawaida, yaani oda za bidhaa, ankara na hati za usafirishaji, zikaagiza kila shughuli ya ofisi kati ya hospitali na bima iwe na ujumbe wake wenye namba. Kuuliza kama uanachama wa mgonjwa uko hai ni ujumbe wa 270, na jibu lake ni 271. Madai yenyewe ni 837. Kuuliza madai yamefikia wapi ni 276, nalo hujibiwa kwa 277. Ombi la kibali cha matibabu ni 278, na maelezo ya malipo ni 835. Ukilifungua faili la 837 utaona mstari mrefu wa herufi na namba zilizotenganishwa kwa alama za nyota na za wimbi, jambo lisilopaswa kukutisha, kwa kuwa karani haliandiki faili hilo hata kidogo: mfumo wa hospitali hulitoa wenyewe kutokana na habari zilizokwisha kuandikwa mapokezi, kwa daktari, maabara na dirisha la dawa.

Katika kanuni hizo kuna kifungu ambacho ningependa ukishike kuliko vingine vyote. Mtoa huduma akileta ujumbe kwa muundo uliokubaliwa, mlipaji haruhusiwi kuukataa, kuuchelewesha wala kuupa usumbufu kwa sababu tu umekuja kwa muundo huo. Mlipaji anaweza kuwa na ukurasa wake wa intaneti ambapo karani anajaza madai kwa mkono, lakini hawezi kuufanya ukurasa huo kuwa mlango pekee, wala kuwavutia watu kwa upendeleo ili waache faili la pamoja. Utaona kwamba kifungu hiki kinagusa moja kwa moja kero yako ya kuandika mara mbili. Kuandika upya hakuletwi na uchache wa kompyuta. Kunaletwa na mlipaji kuwa na haki ya kusema, "Kwangu utapita mlango wangu tu," na haki hiyo isipoondolewa, hata mfumo bora wa hospitali utaishia kuwa daftari ambalo karani analinakili.

Utekelezaji haukwenda kwa tarehe zilizopangwa. Siku ya mwisho ilikuwa 16 Oktoba 2002, Bunge likaisogeza kwa mwaka mmoja kwa waliowasilisha mpango wa maandalizi, na hata ilipofika Oktoba 2003 walipaji wengi, ikiwamo Medicare, bima ya serikali kwa wazee, waliendelea kupokea mafaili ya zamani kwa muda kwa sababu hospitali nyingi hazikuwa tayari na kuyakataa kungezinyima fedha. Kilichosaidia ni motisha iliyokuwa wazi. Medicare hairuhusiwi kulipa madai ya karatasi kabla siku 28 hazijapita tangu kupokelewa, lakini ya kielektroniki inaweza kuyalipa baada ya siku 13. Mkuu wa hospitali hahitaji mhadhara juu ya teknolojia akiona tofauti ya siku 15 za fedha mkononi.

Sasa niingie katika kile ambacho fomu haiwezi kukifanya. Muundo hueleza mahali pa kuandika jambo, lakini hausemi jambo hilo linaitwaje. Kwa hiyo sheria iliagiza pia orodha za misimbo, moja kwa kila aina ya habari: magonjwa, taratibu za tiba, dawa, meno. Misimbo ya kienyeji, ambayo kila jimbo na kila mlipaji alikuwa amejitungia kwa miaka mingi, ilifutwa. Kazi hiyo ilikuwa chungu kuliko ya muundo, kwa sababu nyuma ya kila msimbo wa kienyeji kulikuwa na makubaliano fulani ya bei. Kuhamia ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, peke yake kulikamilika tarehe 1 Oktoba 2015, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja. Hapa ninyi mna nafuu, maana ICD-10 imezoeleka katika hospitali za Afrika Mashariki kwa muda mrefu; ugumu wenu umo katika majina ya vipimo, taratibu na dawa, ambako kitita cha kila mlipaji kina orodha yake. Niongeze tahadhari moja. Orodha ya taratibu za madaktari inayotumika Marekani, CPT, ni mali ya chama cha madaktari, AMA, na anayeitumia hulipia leseni. Nchi inayochagua orodha ya pamoja leo ni vyema iulize mapema orodha hiyo ni ya nani.

Utambulisho nao ni hivyo hivyo. Daktari mmoja wa Marekani alikuwa na namba tofauti kwa kila mlipaji, mpaka ilipoanzishwa namba moja ya kitaifa, NPI, iliyoanza kuwa ya lazima kwa wengi tarehe 23 Mei 2007. Ina tarakimu 10, haibebi maana yoyote ndani yake, yaani huwezi kujua mkoa wala fani ya mtu kwa kuitazama, na tarakimu yake ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, hivi kwamba karani akikosea tarakimu moja kompyuta hugundua papo hapo. Kutokubeba maana ni busara, kwa kuwa daktari huhama na hubadili fani, na namba inayosema habari zake za zamani hugeuka uongo. Namba ya mgonjwa imekuwa habari nyingine: sheria ya 1996 iliitaka, lakini Bunge likazuia fedha za serikali kutumika kuiandaa kwa hofu ya faragha, na zuio hilo likarudiwa mwaka baada ya mwaka. Tanzania, yenye namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa, imevuka mto ambao Wamarekani hawajauvuka.

Nifike kwenye jibu la mlipaji, ambako ndiko fedha zenu zinakopotelea.

Hospitali ikipeleka faili la madai katika mfumo uliokamilika, hurudishiwa majibu kwa hatua. Kwanza huja ujumbe wa 999, unaosema kama faili limesomeka au lina kasoro ya muundo, na kasoro iko wapi. Kisha huja taarifa ya kila dai, kama limekubaliwa kuingia katika uchambuzi au limerudishwa, pamoja na namba ambayo dai hilo limepewa na mlipaji. Kwa kuwa na namba hiyo, hospitali haiwezi tena kuambiwa baada ya siku 60 kwamba madai hayakufika. Jambo la kusikitisha ni kwamba majibu haya ya kupokea hayakuwekwa kuwa lazima katika kanuni za mwaka 2000, na watu waliokaa katika ofisi za madai miaka ile wanakumbuka mafaili yaliyotumwa na yasijulikane yaliko.

Mwisho huja 835, maelezo ya malipo, na hapa naomba uvumilivu wako kidogo kwa sababu ndipo penye utajiri. Chukua dai la dola 500. Mlipaji amelipa dola 350. Katika mfumo wa barua mngeletewa hundi ya 350 na sentensi isemayo madai yamekatwa kwa mujibu wa mkataba. Katika 835 mlipaji analazimika kuzieleza dola 150 zilizobaki, kila sehemu kwa msimbo wa sababu na kwa herufi mbili zinazosema mzigo ni wa nani. Ataandika, kwa mfano, CO 45 dola 100, maana yake bei yenu imezidi bei mliyokubaliana na tofauti hiyo ni hasara ya mtoa huduma, asimdai mgonjwa. Kisha PR 3 dola 50, maana yake hiyo ni sehemu ya uchangiaji ambayo mgonjwa anapaswa kulipa mwenyewe. Jumla ya malipo na makato ni lazima ilingane na bei iliyodaiwa, hadi senti. Isipolingana, faili ni batili. Kanuni hii ya kulinganisha imewapa mahasibu wa hospitali haki kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa inamnyima mlipaji nafasi ya kukata kimya kimya: kila anachokikata lazima akitaje, na anayetaja sababu anaweza kuhojiwa.

Ila hata hapo walipaji walipata upenyo. Msimbo wa 16 maana yake dai lina upungufu wa habari au kosa, na kwa muda mrefu ulitumika kama kapu la kila kitu, hospitali ikarudishiwa dai bila kujua kilichopungua. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ile ya Rais Obama, ndiyo iliyoagiza kanuni za mwenendo juu ya viwango vilivyokuwapo, na kazi ya kuziandika ikapewa CAQH CORE, kundi la walipaji na watoa huduma. Kuanzia 1 Januari 2013 mlipaji anayeulizwa habari za uanachama kwa njia ya papo hapo anapaswa kujibu ndani ya sekunde 20. Kuanzia 1 Januari 2014 misimbo ya makato inatakiwa kufuata michanganyiko iliyokubaliwa kwa hali za kawaida, na malipo ya benki yanapaswa kubeba namba ileile iliyomo katika 835, vyote viwili vikifika ndani ya siku tatu za kazi, kimoja kisiachane na kingine. Swali lako kuhusu fedha zinazoingia benki bila maelezo lilijibiwa kwa kanuni hiyo: namba moja, mahali pawili. Zingatia miaka, ndugu yangu. Sheria ni ya 1996, na kanuni ya namba moja katika benki ni ya 2014.

Kwa nini ilichukua muda wote huo? Sababu kubwa ni kwamba kiwango cha taifa kiliacha nafasi nyingi za "inapohitajika", na kila mlipaji akazijaza kwa mwongozo wake wa nyongeza. Miongozo hiyo ikawa mamia. Muundo ulikuwa mmoja kwa jina, lakini msimamizi wa madai alilazimika kujua kwamba mlipaji huyu anataka namba fulani mahali fulani na yule anaikataa. Jimbo la Minnesota ndilo lililonifundisha njia nzuri ya kutoka hapo. Huko walipaji, hospitali na idara za serikali walikuwa wakikutana tangu mwaka 1992 katika kamati inayoitwa AUC, na mwaka 2007 jimbo likapitisha sheria inayosema kwamba maswali ya uanachama, madai na maelezo ya malipo yote yatakwenda kwa njia ya kielektroniki kuanzia mwaka 2009, kwa kufuata mwongozo mmoja wa nyongeza kwa jimbo zima. Mlipaji hana ruhusa ya kutunga wa kwake. Palipokuwa na ubishi juu ya namna ya kudai huduma fulani, kamati ilikaa, ikabishana, ikaandika uamuzi, na uamuzi huo ukawafunga wote. Kazi hiyo haina mvuto wowote kwa watazamaji, lakini ni kazi ya namna hiyo inayookoa saa za karani.

Lipo jambo moja la Marekani ambalo nisingependa mliige. Kwa kuwa hospitali ndogo hazikuweza kuungana na kila mlipaji, zilipitia kwa mawakala wa kupitisha madai, ambao hupokea mafaili, huyakagua na kuyagawa. Ni huduma nzuri. Lakini baada ya kampuni kununuana, wakala mmoja, Change Healthcare, alifikia kupitisha shughuli zipatazo bilioni 15 kwa mwaka. Tarehe 21 Februari 2024 wahalifu walifunga mifumo yake wakidai fidia, baada ya kuingia kupitia mlango wa mbali ambao haukuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Kwa wiki nyingi hospitali, zahanati na famasi za nchi nzima zilikosa njia ya kudai wala kulipwa, na habari za watu wapatao milioni 190 ziliguswa. Kiwango kizuri hurahisisha kubadili njia, na waliokuwa na wakala wa pili waliokoka mapema. Waliofunga kila kitu kwa mmoja walikopa ili kulipa mishahara. Mtakapofika mahali pa kuchagua kitovu cha kupitishia madai, ulizeni siku ya kwanza: kikizimika, faili letu litapita wapi?

Sitaki pia udhani kwamba wamemaliza. Viambatanisho vya madai, yaani majibu ya maabara, picha na ripoti za upasuaji, vilitajwa katika sheria ya 1996, kanuni yake ikapendekezwa mwaka 2005 na kuachwa, ikapendekezwa tena mwishoni mwa 2022, na katika miaka yote hiyo watu walitumia faksi. Maombi ya vibali nayo yalibaki nyuma kwa sababu ujumbe wa 278 hauna nafasi ya kutosha kwa habari za kitabibu ambazo mlipaji anazitaka. Mwaka 2024 serikali yao iliagiza walipaji walio chini ya mipango yake waweke vibali katika muundo mpya zaidi wa kubadilishana habari za afya, FHIR, kuanzia 2027. Kama Tanzania itaandika kiwango chake sasa, baada ya sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, sioni haja ya kupitia X12 kwanza. FHIR inasomeka kwa watengeneza programu wa leo bila kununua miongozo, na openIMIS, programu huria ya kuendesha bima ambayo mizizi yake iko Tanzania katika Mfuko wa Afya ya Jamii, tayari inazungumza lugha hiyo. Muundo uchaguliwe huo. Mafundisho ya kifungu cha kumfunga mlipaji, ya misimbo ya pamoja na ya jibu linalolingana hadi senti hayabadiliki.

Wewe mwenyewe, kabla ya taifa kukamilisha lolote, una jambo la kufanya. Chukua makato ya miezi mitatu iliyopita kutoka kwa walipaji wote watano, na uyapange katika jedwali moja: dai, kiasi, sababu kwa maneno ya mlipaji, na sababu kama mnavyoielewa ninyi. Nina hakika utakuta sababu zisizozidi 20 zimevaa majina mengi, na utakuta sehemu ya fedha isiyo na sababu yoyote iliyoandikwa. Jedwali hilo lipeleke kwa CSSC, yaani Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ambako hospitali za misheni zina sauti ya pamoja, ili lifike mbele ya NHIF na mbele ya TIRA, inayosimamia kampuni za bima, likiwa na takwimu za hospitali nyingi badala ya malalamiko ya moja. Na mikataba yenu na kampuni binafsi inapofika wakati wa kuhuishwa, ombeni mambo matatu yaandikwe humo: namba ya kupokelewa kwa kila dai ndani ya siku moja ya kazi, msimbo wa sababu kwa kila shilingi inayokatwa kutoka orodha mliyokubaliana, na namba ya malipo inayoonekana katika taarifa ya benki na katika maelezo ya malipo vilevile. La tatu haliwagharimu walipaji karibu chochote, kwa hiyo anzeni nalo.